Tangazo Lililobaki Chumba cha Habari

Kwenye hafla ya kuniaga, watu walisema maneno mazuri kiasi kwamba nilikaa nikijiuliza huyo mama wanayemsifu ni nani, na kwa nini sikuwahi kukutana naye kazini. Mkurugenzi alisema nilikuwa nguzo ya kituo. Ni mkurugenzi huyo huyo niliyemwomba ngazi ya kupandia darini mwaka baada ya mwaka, akaniambia nivumilie, bajeti inakuja. Nikapewa blanketi na saa ya ukutani, nikashukuru, nikala pilau yangu. Nilipofika mlangoni, ninyi vijana mnaobaki chumba cha mitambo mkanishika mkono mkasema, "Mama, tuandikie chochote, tusibaki gizani." Haya, nawaandikia. Vyeo nitaviruka, maana vilikuwa vichache na vyote vilikuja na kazi zaidi. Mshahara nao mnaujua, ni huo huo mnaolalamikia ninyi.

Nilijifunza kazi hii kwenye ofisi ya misheni, kabla redio ya jamii haijafunguliwa hapa Mbinga. Nilianza na mashine za kuchapia. Baadaye zikaja kompyuta mbili, ambazo wenzangu walizifunika kwa vitambaa vya kufuma na kuziogopa kama wakwe. Aliyenifundisha alikuwa Sista Philotea, mhasibu wa misheni, mzaliwa wa Matiri, mtawa mwenye sala nyingi na uvumilivu kidogo sana. Ukimwendea ukasema, "Sista, kompyuta imekufa," alikuwa hainui hata kichwa. "Usinitangazie kifo," alikuwa akisema. "Niambie ulifanya nini ilipokuwa hai." Mpaka leo sijapata swali bora kuliko hilo la kuanzia kazi, na ninyi mkilitumia mtaona jinsi watu wanavyokumbuka ghafla kwamba kuna chai ilimwagika.

Siku yangu ya kwanza redioni nilivaa vizuri, nikabeba koleo la kubania vichwa vya waya wa mtandao, kifaa cha kupimia chenye vitaa vya kijani, bisibisi niliyopewa na Sista, na mswaki wa kutolea vumbi jekundu. Nilikuwa nimejiandaa kwa mnara, transmita, yaani mtambo wa kurushia matangazo, na mambo mazito. Nikapelekwa moja kwa moja kwenye birika la umeme la wageni, ambalo lilikuwa halichemki. Nikalitengeneza. Likachemka, na kwa wiki nzima nikajulikana kama mtaalamu.

Kituo chenyewe mnakijua: studio upande mmoja wa ua, chumba cha habari upande wa pili, na katikati nyasi, matope na jiwe moja la kukanyagia ambalo halijawahi kukaa sawa. Zamani habari zilivuka ua huo kwenye flashi. Mwandishi aliandika, akachomoa, akakimbia na mvua, akamkabidhi mtangazaji flashi yenye habari tatu na virusi kumi. Nikachoka. Nikaomba kompyuta moja kuukuu iliyokuwa inatumika kuegemezea mlango, nikaifanya seva, yaani kompyuta inayotunza mafaili ya wote, nikaiweka kwenye kabati la mafagio kwa kuwa ndipo palipokuwa na nafasi kwa ajili ya teknolojia. Nikavuta waya wa bluu kupita nje, chini ya paa, hadi chumba cha habari. Kuanzia hapo mwandishi na mtangazaji wakawa na folda moja ya pamoja. Anachoandika huyu, yule anakisoma, na hakuna anayelowa.

Kilichofuata kilikuwa raha, hadi mkurugenzi aliporudi kutoka semina. Ninyi mtaona semina nyingi, nawapa pole mapema. Alikuwa amefundishwa kufungua ukurasa unaoonyesha kumbukumbu ya kompyuta imetumika kiasi gani, na akawa ameona kwamba yake imejaa karibu yote wakati hajafungua kitu zaidi ya barua moja. Akaniita kwa sauti ya mtu aliyevamiwa.

"Mama, hii kompyuta inaliwa," akasema. "Angalia. Imejaa na mimi sijaweka kitu."

"Haijaliwa, bosi. Imejiwekea akiba."

"Akiba ya nini?"

Nikamweleza kama Sista alivyonieleza mimi. Jikoni kwa masista ghala lilikuwa ng'ambo ya ua. Mpishi hawezi kuvuka ua kila anapotaka chumvi, kwa hiyo anajaza kopo na kuliweka karibu na moto. Mfumo endeshi, yaani ile programu kuu inayoziamrisha nyingine zote, hufanya hivyo hivyo. Ukisoma faili lililoko kwenye seva, kompyuta yako inabaki na nakala yake kwenye kumbukumbu. Ukilitaka tena, haisafiri. Inakupa ile nakala. Kumbukumbu iliyokaa tupu haina faida kwa mtu yeyote, kwa hiyo inajazwa nakala za namna hiyo, na programu ikihitaji nafasi, nakala zinatupwa bila msiba. Mkurugenzi alisikiliza kwa makini, akashukuru, na kesho yake nikakuta ameweka programu ya kusafisha kumbukumbu aliyoitoa mtandaoni. Ilisafisha kila dakika. Kompyuta yake ikawa tupu kabisa na nzito kama lori kwenye mlima wa udongo, naye akaridhika, maana sasa aliona nafasi.

Lakini sikumwambia yote, na hili la pili ndilo lililonitoa mvi. Nakala uliyosoma tu ikitupwa hakuna hasara, kwa kuwa faili lenyewe liko kwenye seva. Ukiandika kitu kipya, mambo ni mengine. Kompyuta inayaweka maneno yako kwenye kumbukumbu yake kwanza, inakuambia imehifadhi, halafu ndiyo inatafuta wasaa wa kuyapeleka. Ni kama karani anayekugongea muhuri wa "imepokelewa" huku karatasi yako bado iko kwapani mwake. Na seva nayo ina mapatano yake. Mtu akiwa peke yake kwenye faili, seva inamwambia: kaa nalo, andika upendavyo, akitokea mwingine anayelitaka nitakuita uniletee ulichonacho. Akija wa pili, seva inamwambia ngoja, inamwita wa kwanza, inapokea maneno mapya, ndipo inamfungulia wa pili. Yote hayo huisha kabla hujapepesa jicho. Ni mapatano mazuri, yana sharti moja tu: wa kwanza akiitwa, aitike.

Sasa tuje kwenye radi. Mgeni akija Mbinga msimu wa mvua, anadhani milima inabomolewa. Sisi tumezoea. Nyumbani ikianza kunguruma tunachomoa televisheni, tunafunika kioo, tunamwambia mtoto akae mbali na dirisha. Redioni radi iliwahi kushuka kupitia ule waya wa bluu unaopita nje, ikachoma swichi ya mtandao na kompyuta mbili, na mkurugenzi akatoa amri. Iliandikwa kwa herufi kubwa ikabandikwa ukutani chumba cha habari: RADI IKIUNGURUMA, NG'OA WAYA WA BLUU KWANZA. Nilipendekeza tuupitishe waya chini ya ardhi ndani ya bomba. Nikaambiwa nivumilie, bajeti inakuja. Basi amri ikafuatwa. Ofisi yetu ilikuwa na amri nyingi zilizopuuzwa, kuanzia ya kuwahi kazini hadi ya kuosha vikombe, lakini hii ilitimizwa kwa imani kuliko amri kumi za Mungu. Mlima ukikohoa tu, waya uko chini. Kompyuta zenyewe zilibaki zinawaka kwa betri ya akiba, na watu waliendelea kuandika kama kawaida, wakijisikia salama.

Aliyekaa kwenye dawati lililo karibu zaidi na waya huo alikuwa Theofrida, mwandishi wetu. Kazi yake kubwa ilikuwa matangazo ya vifo. Msicheke. Habari za taifa watu wa huku huzisikiliza huku wanapalilia kahawa. Matangazo ya vifo huyasikiliza wamesimama. Ndugu wametawanyika, wengine Ngaka kwenye makaa ya mawe, wengine ziwani, wengine Songea, na mtandao wa simu unapatikana juu ya kichuguu fulani ukigeukia upande fulani. Ukikosa tangazo, umekosa mazishi. Theofrida alikuwa na faili moja tu linaloitwa Vifo. Alilifungua asubuhi, akaongeza wapya, akawafuta waliokwisha kuzikwa, na hakulifunga hadi jioni. Bosco, mtangazaji, alilifungua studio kila wakati wa matangazo ulipofika, akasoma kwa ile sauti yake ya mazishi ambayo aliitumia hata kuagiza chipsi.

Msimu ule ikaanza kutokea kwamba Bosco anasoma matangazo ya jana. Si kila siku. Mara moja alimtangaza marehemu aliyekwisha kuzikwa. Mara nyingine alisahau, ndivyo tulivyodhani, tangazo zima la familia ya mjini hapa. Mkurugenzi akawaita wote wawili.

"Mimi nimesevu," Theofrida akasema. "Njooni muangalie kwenye kompyuta yangu."

"Mimi nasoma kilichopo," Bosco akasema. "Sina akili ya kumtunga marehemu."

Mkurugenzi akaenda chumba cha habari, akakuta tangazo lipo kwenye kompyuta ya Theofrida. Kisha kwa hekima yake akaamua kwamba Theofrida analiandika baada ya matangazo kupita ili aonekane alikuwa anafanya kazi. Akampa barua ya onyo na kumwambia likitokea tena atatafuta kazi kwingine. Nilipima waya, nilipima swichi, nilifagia hata kabati la seva. Vitaa vyote vilikuwa vya kijani. Nilikuwa nikipima siku za jua, kwa sababu siku za mvua waya wenyewe ulikuwa chini.

Ijumaa moja jioni ukoo wa Hyera wa Kingerikiti ukaleta tangazo la Bibi Paskalina, aliyefia hospitali hapa mjini. Mazishi kesho, Jumamosi saa kumi, Kingerikiti, nyumbani kwa mumewe. Likasomwa jioni, likasomwa na asubuhi. Jumamosi hiyo hiyo asubuhi akaja mdogo wake marehemu, mzee Kanisius, kutoka Lituhi, akiwa na Winfrida, binti wa marehemu, macho yamemvimba. Kumbe usiku kucha pande mbili zilikuwa zinavutana marehemu azikwe wapi. Bibi mwenyewe alikuwa amesema anataka kulazwa kwao, ziwani, anakosikia maji. Wazee wa Kingerikiti walikasirika, wakakaa, mwishowe wakakubali. Mwili ulikuwa umeshapakiwa kwenda Lituhi.

"Kila mtu tumempigia simu," mzee Kanisius akasema. "Aliyebaki ni Osmund, mwana wa huyu dada yangu marehemu. Anaendesha lori la makaa, alipeleka mzigo njia ya Njombe, leo anarudi. Simu yake iliingia maji. Ila redio ya gari lake haizimwi. Akishafika usawa wa Songea anawakamata ninyi."

"Na lazima ajue kabla hajafika Kitai," Winfrida akasema.

Mnaijua njia panda ya Kitai. Ukitoka Songea, ukinyoosha unakuja Mbinga na kuendelea Kingerikiti. Ukikata kulia unakwenda Ngaka na kushuka hadi Lituhi. Kwenye njia panda ile mtu anamzika mama yake au hamziki. Tangazo la mchana ndilo lililobaki. Theofrida akayaandika maneno mapya, mzee akiwa amesimama nyuma yake anayasoma moja moja. Akahifadhi. Kompyuta ikasema imehifadhi. Hapo hapo mlima ukanguruma, naye kama raia mwema akanyoosha mkono akaung'oa waya wa bluu.

"Tayari, babu," akamwambia mzee. "Limekwenda."

Mzee na Winfrida wakakaa kwenye benchi la mapokezi, chini ya spika yetu, wakisubiri kulisikia kwa masikio yao. Mvua ikaanza kupiga bati. Mchana ukafika, Bosco akavuta sauti yake kutoka chini ya ardhi, akasoma. Mazishi yatafanyika leo saa kumi jioni, Kingerikiti. Habari zimfikie Osmund popote alipo.

Mzee Kanisius alisimama taratibu sana. Akavuka ua kwenye mvua bila kukanyaga jiwe, akasimama mlangoni mwa chumba cha habari. "Mama," akaniambia mimi, kwa kuwa nilikuwa mkubwa kwa umri mle ndani, "ninyi ni watu wa redio au ni watu wa Kingerikiti? Maana kule walishakubali. Nyie ndio mmebaki mnabisha."

Theofrida alikuwa analia tayari. Akageuza kioo cha kompyuta mzee aone: Lituhi. Nikavuka kwenda studio: Kingerikiti. Watu wawili, faili moja, na kila mmoja ana haki. Mkurugenzi akaja nyuma yangu akisema safari hii Theofrida amemaliza, aanze kukusanya vitu vyake. Nikamwomba anyamaze kidogo, ombi ambalo nilikuwa nimelitunza kwa miaka.

"Bosco," nikasema, "ulipobonyeza, lilifunguka mara moja?"

"Hapana, mama. Lilikaa kwanza, kama nusu dakika hivi. Ni kawaida yake siku za mvua."

"Kawaida ya siku za mvua?"

"Siku za mvua linakaa, halafu linafunguka. Nilidhani ni baridi."

Hapo nikaelewa, nikakaa kwenye kiti cha mgeni wa studio. Seva ilikuwa imefanya kila kitu sawasawa. Bosco alipolitaka faili, ilimwambia ngoja, ikamwita Theofrida alete maneno mapya. Theofrida hakuitika, kwa kuwa waya wake ulikuwa sakafuni, kwa amri. Seva ikasubiri kwa adabu, ikaita, ikasubiri, mwisho ikakata tamaa na kumpa Bosco ilichokuwa nacho, tangazo la jana. Maneno ya Lituhi yalikuwa salama kabisa ndani ya kumbukumbu ya kompyuta ya Theofrida, mahali ambapo radi haiwezi kuyafikia, na wala mtu mwingine yeyote.

Nikamwambia mkurugenzi kwa maneno machache kuliko haya. Akaelewa. Nampa haki yake, alielewa mara moja. "Turudie tangazo sasa hivi," akasema, kisha akakumbuka. Transmita ilikuwa imeshazimwa, nayo ni amri, ngurumo zikiwa juu ya mnara. Radi ikapasua mahali fulani upande wa kanisani hadi madirisha yakalia. Nilimwambia awashe, akanijibu kwamba ikipigwa, wilaya mbili zitakaa bila redio hadi Pasaka, na atakayekuwa amekufa wakati huo nani atamtangaza.

Winfrida akampigia mwenye duka la vipuri pale Kitai. Tulimsikia akiuliza, akasikiliza, akakata simu. "Lori tupu la makaa limepita," akatuambia. "Limenyoosha. Muda kidogo umepita."

Malori ya makaa hayana shughuli Mbinga mjini, kwa hiyo lori lolote la makaa ambalo lingetokea lingekuwa lake. Tukatoka kwenda barabarani: mzee Kanisius, Winfrida, mimi, na mkurugenzi na suti yake ya Jumamosi, ameshika mwavuli wenye jina la kituo. Baada ya muda aliufunga ule mwavuli, akawa anaupunga kama bendera kwa kila gari kubwa. Alisimamisha lori la mbao. Alisimamisha gari la soda. Bodaboda wakaanza kusimama wenyewe kutuuliza kuna nini. Kituo kilichojengwa kwa mnara mrefu kuliko miti yote ya mjini kilikuwa kinapeleka habari kwa mikono, tumeloa chapa.

Lori likaja polepole, weusi wa makaa unachuruzika ubavuni na maji. Osmund akashuka kabla halijatulia vizuri. Mtu mzima, mpana, kofia mkononi.

"Shikamoo, mjomba. Mbona mko huku? Mnanisubiri twende wote?"

"Mama yako yuko Lituhi," mzee akasema.

"Redio imesema Kingerikiti."

"Redio imekosea, mwanangu. Tulibadilisha asubuhi."

"Nimesikia asubuhi, nikasikia tena mchana," Osmund akasema. "Ile ya mchana nikaacha hata kulia, nikakanyaga mafuta niwahi." Hakuwa anamlaumu mtu. Alikuwa anatuonyesha jinsi alivyofanya kila kitu kinachotakiwa.

Mkurugenzi akauficha mgongoni ule mwavuli wenye jina la kituo. Wakapanda wote watatu, lori likageuzwa pale kwenye matope kwa kwenda mbele na kurudi nyuma, mbele na nyuma, hadi likaelekea lilikotoka. Mzee alikuwa dirishani anapiga simu Lituhi wamsubiri. Walimsubiri, baadaye nikaambiwa. Wazee wa Kingerikiti, wale wale waliokuwa wanavutania mwili, ndio waliosimama mbele ya kaburi wakasema hazikwi mtu hadi mwanawe afike. Lakini padri alikuwa na mazishi mengine kando ya ziwa, giza lilikuwa linakuja, na kule mteremkoni mvua ilikuwa imeifanya barabara uji. Winfrida alinipigia simu. Walifika watu wakiwa wananawa mikono baada ya kuzika.

Mchana ule ngurumo zilipohama, transmita ikawashwa. Bosco alilisoma tangazo la Lituhi mara tatu, vizuri kuliko alivyowahi kusoma kitu chochote, kwa kila mtu ambaye halikumhusu.

Jumatatu nilifika mapema. Niliiambia seva isimruhusu mtu yeyote kukaa na faili la Vifo mkononi: kila neno linaloandikwa lifike kwanza, ndipo kompyuta iseme imehifadhi. Mkubali kwamba itakuwa nzito kidogo, na watu watawalalamikia, waacheni walalamike. Nikabandua ile amri ukutani nikaweka nyingine inayosema funga faili, subiri, ndipo ung'oe. Mkurugenzi akaichana barua ya onyo mbele ya Theofrida. Radhi hakuomba, nadhani hilo halikuwa kwenye semina, ila ule waya wa bluu ulipita chini ya ardhi kabla mwezi haujaisha. Bajeti ilikuwa imekuja.

Nilikuwa bado nimepiga magoti chini ya dawati niliposikia hodi. Osmund alikuwa amesimama mlangoni na koti lake la kazini, lori lake linanguruma nje.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole sana."

"Nimeshapoa." Akageuza kofia mikononi. "Eti lile tangazo la Lituhi, liliandikwa kweli? Au mjomba ananifariji?"

"Liliandikwa."

"Kabla ya mchana?"

"Kabla ya mchana."

"Sasa lilikuwa wapi?"

Nilikuwa na majibu ya kumtosha. Nilikuwa na kopo la chumvi, ghala, karani na mapatano ya seva, maneno niliyokwisha kuwaeleza wakurugenzi na wanafunzi wa mafunzo kwa raha zangu zote. Nikayaacha yote. Niliinuka nikamwonyesha kompyuta ya Theofrida. "Lilikuwa humu," nikasema.

Theofrida hakuwa amelifunga lile tangazo tangu Jumamosi. Tulikuwa tumerudisha waya, mashine ikalalamika kwamba imeshindwa kupeleka maneno, lakini kwenye kioo chake yalikuwa bado yapo, naye aligoma kuyaondoa, nadhani kwa kuogopa kwamba hakuna atakayemwamini tena. Osmund akayatazama bila kusogea karibu.

"Naomba unisomee, dada."

"Nikusomee?"

"Kama linavyosomwa redioni."

Theofrida hajawahi kuwa mtangazaji. Sauti yake ni ndogo. Akavuta kiti, akasoma. "Ukoo wa Hyera wa Kingerikiti na ukoo wa Nchimbi wa Lituhi wanasikitika kutangaza kifo cha mama yao mpendwa, Bibi Paskalina. Mazishi yatafanyika leo, Jumamosi, saa kumi jioni, nyumbani kwao Lituhi. Habari ziwafikie ndugu wote wa Matiri, Mbamba Bay na Songea. Habari zimfikie mwanawe, Osmund, dereva, popote alipo. Osmund, ndugu zako wanakusubiri Lituhi."

Osmund alisikiliza amesimama wima, kofia kifuani, hadi neno la mwisho.

"Asante, dada," akasema. "Taarifa nimeipata."